Chumvi Yote Iko Majini

Mtu akisikia kwamba bwawa fulani la kuogelea ni la maji ya chumvi, mara nyingi hudhani mambo mawili: kwamba maji yamevutwa kutoka baharini, na kwamba hayana klorini. Yote mawili si kweli. Maji hutoka bombani kama ya bwawa jingine lolote, kisha hutiwa chumvi kiasi cha gramu 3 hivi kwa kila lita. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35. Na klorini imo, ila hainunuliwi ikiwa unga kwenye ndoo. Hutengenezwa palepale, ndani ya bomba, na mashine inayopitisha umeme kwenye maji yale yenye chumvi.

Mashine hiyo ina kioo kidogo kinachoonyesha kiasi cha chumvi kilichomo bwawani. Mwezi Julai mwaka jana, kioo cha mashine moja huko Bagamoyo kilianza kusema kwamba chumvi imepungua. Kikasema hivyo kwa majuma sita mfululizo, na kabla hayajaisha mjomba wangu alikuwa amekwisha kukatwa mshahara.

Mjomba ni mhudumu wa bwawa kwenye nyumba moja ya wageni iliyo ufukweni. Ana miaka 11 pale. Wageni hutaka bwawa kwa sababu bahari ya Bagamoyo maji yakipwa huenda mbali sana, na anayetaka kuoga saa sita mchana huweza kulazimika kutembea kwenye matope kwanza. Kwa hiyo bwawa ndilo linalouza vyumba. Likigeuka kijani, wageni hupiga picha, na picha hizo husafiri haraka kuliko basi la kwenda Dar es Salaam.

Mapema mwezi Juni bwawa lilikuwa limekaushwa ili vigae vibadilishwe. Lilipojazwa upya, Mjomba alitia chumvi kilo 225, magunia manne na nusu, chumvi ya hapohapo Bagamoyo, kwenye mashamba ya chumvi yaliyo kaskazini mwa mji. Katikati ya Julai kioo kikaonyesha 2,300, yaani miligramu 2,300 kwa lita, na taa nyekundu ikawaka. Meneja akanunua gunia la kilo 50. Mjomba akalitia. Kioo kikapanda kidogo, kisha kikashuka hadi 2,100. Mwezi Agosti likanunuliwa gunia la pili. Kioo kikasema 2,100 vilevile, na maji yakaanza kuwa na utelezi wa mwani kwenye ngazi.

Hapo ndipo meneja, kijana wa umri wangu, alipomwita ofisini. Hakutumia neno mwizi. Alisema, "Mzee wangu, chumvi inapita getini lakini haifiki majini." Bei ya magunia mawili ikakatwa kwenye mshahara wa Agosti, na Mjomba akaambiwa kwamba kama kioo hakitakuwa sawa ifikapo mwisho wa Septemba, atafutiwe mtu mwingine wa bwawa.

Alinipigia simu usiku. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakaa kimya muda mrefu.

"Mama," akasema, maana hivyo ndivyo anavyoniita tangu nilipozaliwa nikapewa jina la bibi, "wewe si unasoma mambo ya klorini?"

Nasoma. Shahada yangu ya uzamili ni ya kemia ya mazingira, na utafiti wangu unahusu klorini katika maji ya kunywa. Lakini mpaka usiku ule sikuwa nimewahi kuitwa kwa ajili ya mtu anayetuhumiwa kuuza chumvi. Na chumvi ni nini! Mtu akituhumiwa kuiba pesa, watu watauliza alikuwa na shida gani. Akituhumiwa kuiba chumvi, watacheka. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza Mjomba zaidi, kwamba aliyemtuhumu alimwona ni mtu anayeweza kuuza heshima ya miaka 11 kwa magunia mawili ya kitu kinachomwagwa bure kwenye samaki.

Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje.

"Mimi nimeyaonja," akasema. "Maji yana chumvi kuliko siku zote. Nilimwambia meneja ayaonje, akanicheka."

Kabla sijaeleza tulichofanya, inafaa nieleze mashine yenyewe.

Ndani ya bomba la maji mna kitu kinachoitwa seli: mabamba membamba ya titani yaliyopangwa kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa kidogo. Umeme ukipita kati ya bamba na bamba, upande mmoja chembe za kloridi zilizo kwenye chumvi hupoteza elektroni na kuwa klorini. Upande wa pili maji huvunjika na kutoa viputo vya haidrojeni. Klorini huyeyuka majini na kuua vijidudu na mwani. Mambo haya yanajulikana tangu zamani. Michael Faraday alichapisha kanuni zake za elektrolisisi mwaka 1834, na kwa hesabu yake ampia 1 ikipita kwa saa 1 kati ya mabamba mawili inaweza kutoa klorini gramu 1.3 hivi. Umeme ukipungua, klorini hupungua kwa kiasi kilekile, haijalishi una chumvi magunia mangapi.

Jambo la pili ni la muhimu zaidi katika kesi ya Mjomba. Chumvi haitumiki ikaisha. Klorini ikishamaliza kazi yake, au jua likiivunja, hurudi kuwa kloridi na kuanza safari upya. Maji yakikauka kwa jua, chumvi hubaki. Njia za chumvi kutoka bwawani ni chache: maji yavuje, yafurike kwa mvua, yamwagwe wakati wa kusafisha filta, au yatoke na nguo za waogeleaji. Mwezi Julai na Agosti ni kiangazi, mvua ni kidogo. Bwawa lilikuwa limetoka kutengenezwa, halivuji. Kwa hiyo chumvi iliyotiwa ilipaswa kuwamo. Kama haimo, basi kweli haikutiwa, na meneja alikuwa na haki.

Jambo la tatu ni lile ambalo watumiaji wengi wa mashine hizi hawaambiwi. Nyingi kati yake, na hii ilikuwa mojawapo, hazipimi chumvi. Hupima umeme. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme kwa urahisi, yenye chumvi kidogo hupitisha kwa shida. Mashine husukuma umeme kwenye mabamba, ikaangalia ni ampia ngapi zimepita, kisha ikapiga hesabu na kuandika kiasi cha chumvi kana kwamba imekionja. Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa mabamba ni mazima na safi, waya zimeshika vizuri na maji hayana baridi. Kimoja kikiharibika, umeme hupungua, na mashine hujua maelezo mamoja tu ya umeme kupungua. Huandika: chumvi pungufu.

Kwa maneno mengine, kati ya Mjomba na kioo kile, aliyekuwa ameonja maji ni Mjomba peke yake.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Bagamoyo. Begani nilikuwa na mfuko wenye kipima joto, mita ya umeme niliyoazima kwa rafiki anayesoma uhandisi, glavu, na chupa ya rangi ya kahawia yenye mililita 100 za nitrati ya fedha, ambayo fundi sanifu wa maabara yetu aliniruhusu kuichukua baada ya kusikia kisa chote. Mjomba alinipokea akiwa ameshika daftari. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, kama yale ya maduka. Kila siku ameandika: pampu imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, filta imesafishwa au la, chumvi imetiwa kiasi gani. Mwandiko wake umelala upande mmoja kama minazi ya ufukweni.

"Hili meneja ameliona?" nikauliza.

"Analijua. Anasema daftari naandika mwenyewe."

Tulianza na yaliyo rahisi. Joto la maji lilikuwa nyuzi 26. Baridi huweza kuidanganya mashine, lakini baridi ya nchi zenye theluji, si ya pwani yetu. Tukaitoa kwenye orodha. Maji yalikuwa yakipita kwenye bomba kwa nguvu yake ya kawaida. Tukazima umeme, tukafungua kiunganishi cha waya wa seli. Kulikuwa na kutu ya kijani kwenye pini moja. Tukaisugua kwa msasa laini, tukafunga, tukawasha. Kioo: 2,100.

Tukaifungua seli yenyewe. Kati ya mabamba mlikuwa na ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika la chai lililotumika miaka mingi. Ni chokaa. Kwenye upande unaotoa haidrojeni maji hupoteza uchachu, na kalisi iliyomo hujishikiza kwenye bamba. Chumvi ya mashambani, ambayo haikusafishwa sana, huja na kalisi na magnesi yake, hivyo ukoko huota upesi. Nikamimina asidi hidrokloriki kwenye ndoo ya maji, sehemu 1 ya asidi kwa sehemu 10 za maji, asidi ikiingia kwenye maji na si maji kwenye asidi. Tukatumbukiza seli. Ikatoa povu, ikanguruma kidogo, na baada ya dakika 10 mabamba yakawa meusi na safi. Tukairudisha. Kioo kikasema 2,300. Mjomba aliniangalia bila kusema kitu. Nafuu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo mno kuokoa kazi ya mtu.

Ikabaki dhana ya mwisho. Titani peke yake haifai kwa kazi hii. Ukiipitishia umeme kwenye upande wa klorini, hujifunika kwa utando wake yenyewe na kukataa umeme usipite. Ndiyo maana mabamba hupakwa tabaka jembamba la oksidi za madini adimu kama rutheni, ugunduzi wa miaka ya 1960 uliobadilisha viwanda vya klorini duniani. Tabaka hilo huliwa polepole. Seli nyingi hutarajiwa kudumu kati ya saa 5,000 na 10,000 za kazi. Baada ya hapo bamba huonekana zima kwa macho, lakini limekwisha.

Mashine za aina hii hugeuza mwelekeo wa umeme kila baada ya saa kadhaa ili ukoko udondoke. Nikaweka mita kwenye waya na kusoma: ampia 4.1. Nikabonyeza kitufe cha kugeuza mwelekeo, nikasubiri. Ampia 1.6. Maji ni yaleyale, chumvi ni ileile, na dakika tano hazikuwa zimepita. Chumvi haiwezi kuwapo umeme ukienda kulia na kutoweka ukirudi kushoto. Upande mmoja wa mabamba ulikuwa umeisha.

Mjomba akafungua daftari, tukahesabu pamoja. Mashine ilifungwa miaka minne kabla, ikafanya kazi kwa muda wa saa 10 kila siku. Saa 14,600. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba seli ina umri.

Kwangu mimi hapo kesi ilikuwa imekwisha. Kwa meneja ingekuwa ndiyo inaanza. Kusema mashine ni mbovu hakuonyeshi chumvi ilikwenda wapi. Ndiyo maana nilikuja na ile chupa.

Tulimwomba meneja aje kwenye kaunta ya baa, ambako bado hapakuwa na wageni. Nilimweleza kwamba nitapima chumvi bila umeme wowote. Nitrati ya fedha ikidondoshwa kwenye maji ya chumvi, fedha hushikana na kloridi na kufanya wingu jeupe. Maji hutangulizwa kutiwa kromati kidogo, ambayo huyapa rangi ya njano. Kloridi yote ikishashikwa, tone linalofuata la fedha hugeukia kromati, na maji hubadilika kuwa na wekundu wa tofali. Kiasi cha fedha kilichotumika ndicho kipimo cha chumvi.

Nilianza na maji ya bombani. Matone machache tu, yakageuka. Kisha nikapima maji niliyoyachanganya mwenyewe maabara, gramu 3 za chumvi kwa lita 1, ili aone kipimo kinasema kweli. Bomba la sindano la duka la dawa likashuka mililita 5 na kitu kidogo, kama hesabu inavyotaka. Halafu nikamwambia meneja akachote mwenyewe maji ya bwawa, popote apendapo. Akaenda hadi upande wa kina kirefu, akarudi na glasi.

Mililita 10 za maji yale. Nikaanza kudondosha. Mililita 3, wingu jeupe. Mililita 5, bado njano. Meneja alikuwa ameegemea kaunta, sasa akasimama wima. Mililita 6. Mililita 7. Kwenye 7.7 tone moja likatua, likasambaa, na wekundu haukuondoka.

Nikapiga hesabu kwenye kitambaa cha karatasi cha baa, kwa tarakimu kubwa ili wote wawili waone. Gramu 4.5 kwa lita. Bwawa lina lita 70,000. Kilo 315 za chumvi.

"Daftari linasema umetia ngapi, Mjomba?"

"Mia mbili ishirini na tano, na hamsini, na hamsini."

Kilo 325. Zikabaki 10 ambazo hazikuonekana, na nilimwona meneja akizishika zile 10 kwa macho. Kabla hajafungua mdomo, Mjomba alikuwa ameshafunua ukurasa. Tangu Juni filta imesafishwa mara 12. Kila mara zinamwagika lita 200 na kidogo. Lita 2,500 hivi, kila moja na gramu zake 4. Kilo 10.

Hesabu hiyo sikuifanya mimi. Aliifanya mtu aliyeishia darasa la saba, kwa kidole, akipita mstari kwa mstari.

Meneja akasema, "Kumbe." Akakaa kimya, kisha akauliza seli mpya inauzwa wapi na itagharimu kiasi gani. Ilikuwa inazidi mishahara mitatu ya Mjomba. Kuhusu pesa iliyokatwa, akasema wataangalia. Nikakusanya vyombo vyangu, nikamimina mabaki ya kipimo kwenye chupa ili niyarudishe maabara, maana kromati si kitu cha kumwaga kwenye sinki la baa. Fedha ilikuwa imeniachia doa jeusi kwenye kidole gumba, juu ya glavu iliyotoboka. Lilikaa siku nne.

Nikiwa kwenye basi la kurudi nilifikiria wahudumu wengine wa mabwawa, katika hoteli za Pwani nzima, wenye vioo kama kile na wasio na mpwa anayesoma kemia. Mjomba alikuwa na ushahidi wa aina mbili tangu mwanzo. Alikuwa na ulimi wake, ambao ulikuwa sahihi, kwa kuwa maji ya gramu 4.5 mtu yeyote huyasikia chumvi. Na alikuwa na daftari, ambalo lilikuwa sahihi kwa kilo. Vyote viwili vilikataliwa kwa sababu vilikuwa vyake. Kioo kiliaminiwa kwa sababu hakina shida ya pesa. Nilipofika mimi na chupa kutoka chuoni, hakuna jipya nililolisema. Nilirudia maneno ya Mjomba kwa sauti ambayo meneja alikuwa amezoea kuisikiliza.

Jambo hilo hunifuata hadi kwenye utafiti wangu. Klorini ninayoipima ni ya maji wanayokunywa watu, na huko pia kuna mwanamke anayesema maji yamebadilika ladha na fomu inayosema yako salama. Siku hizi, kabla ya kuiamini fomu, huuliza chombo kilichoijaza kilipima nini hasa.

Seli mpya ilifika mwezi Oktoba. Mjomba aliifunga mwenyewe, akawasha, na meneja alikuwepo. Kioo kikafikiri kidogo, kisha kikaandika 4,400, na taa ikawaka upya, safari hii kwa onyo jingine: chumvi imezidi. Mashine ikajizima ili isijiunguze.

Mjomba akamgeukia meneja. "Na hii ya kuzidi, bosi, nimeiiba wapi?"

Aliponisimulia kwenye simu alicheka hadi akakohoa. Meneja naye alicheka, anasema, na pesa ya magunia mawili ilirudishwa kwenye mshahara wa mwezi huo, bila maelezo yoyote kwenye karatasi. Ikabidi watoe lita 20,000 za maji na kujaza mapya. Hawakuweza kuyamwaga kwenye bustani, yangekausha maua, kwa hiyo waliunga mpira mrefu na kuyapeleka kwenye mchanga, yakarudi baharini siku nzima. Jioni Mjomba akaandika kwenye daftari: maji lita 20,000 yametoka, chumvi kilo 90 imetoka nayo. Akachora mstari mpya pembeni mwa ukurasa, akampelekea meneja kalamu, na akasubiri pale mpaka aweke sahihi.